Nauli ya Dereva

Mwakeye, ndugu zangu! Mliotoka kanisani, Bwana asifiwe. Mliotoka msikitini, salaam aleikum. Na ninyi mliokuja kwa ajili ya chai, nawaona. Chai ipo, ila mtaisubiri.

Mwenyekiti ameniomba niseme leo kwa sababu wanachama wengi wa chama chetu hiki cha kuweka akiba wanastaafu kipindi hiki, na tunaona wanavyohangaika. Juzi mmoja alinisimamisha njiani akaniuliza, "Mama, hela hizi nizile au nizifiche?" Nikamwambia njoo kwenye mkutano. Yupo hapa, lakini simtaji. Leo sitamtaja mtu yeyote kwa jina, hata mume wangu. Yupo pale karibu na dirisha, mwenye koti la kahawia. Amenipa ruhusa niseme. Aliniambia, "Sema, lakini usinifanye malaika." Basi nitajitahidi.

Mimi ni mzaliwa wa hapa Kasulu, lakini kazi niliifanyia Kibondo. Nilikuwa muuguzi na mkunga kwenye kituo cha afya, na baadhi yenu mliokaa hapa mlilia kwa mara ya kwanza mikononi mwangu. Mume wangu alikuwa dereva wa gari la wagonjwa. Yeye si Mha. Kwao ni Manyoni, kule kwenye reli. Serikali ilimleta Kibondo akiwa kijana, akadhani atakaa kidogo. Kazini tulikuwa tunaitana Sista na Dereva. Tukaoana, tukazaa mabinti wawili ambao sasa wameolewa mbali, na mpaka leo ananiita Sista, nami namwita Dereva. Msicheke jamani, kila nyumba ina yake.

Njia zile mnazijua. Masika gari linazama kwenye tope mpaka milango haifunguki. Nyuma kuna mama ana uchungu, mimi nimemshika, yeye kule mbele anaongea na gari taratibu kama mtu anayembembeleza ng'ombe. Miaka yote hiyo hatukupata mapumziko ya maana. Alikuwa akiniambia, "Sista, tukistaafu nitapanda gari nisiloliendesha mimi. Nitakaa dirishani nitazame nchi. Nitakupeleka kwetu ukakae na mama yangu vizuri, si mbiombio kama ule wakati wa harusi." Nami nilikuwa naitikia, "Tutakwenda."

Tukastaafu mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, tukiwa tumepishana kidogo tu. Tukapata viinua mgongo vyetu, tukahamia hapa kwenye kiwanja alichoniachia baba.

Sasa nawaomba mnielewe. Sikuzaliwa bahili. Pale Kibondo tulikuwa na bwana afya aliyestaafu kabla yetu. Mtu mcheshi, mtu wa watu. Alipopata kiinua mgongo chake alinunua redio ya kaseti, akachinja mbuzi, na kila jioni akawa anawanywesha watu pombe ya ndizi huku akisema, "Ponda mali, kufa kwaja!" Kumbe kufa hakukuwa na haraka. Kilichowahi ni umaskini. Aliletwa wodini kwangu hana hata shuka, mkewe ameshaondoka, na wale wanywaji wake hakuja hata mmoja kumjulia hali. Alipokata roho nilimwosha mimi. Sanda tulichangishana sisi wauguzi. Nilipokuwa namfunika uso nikaapa moyoni: mimi na mume wangu hatutafika hapa.

Ndugu zangu, nawaambia, hofu ikikuapisha, inakuvalisha na miwani yake. Tangu siku ile, kila hela iliyotoka mkononi mwangu nilikuwa naiona inakwenda kununua ile sanda.

Dereva alinikabidhi kiinua mgongo chake chote. Alisema, "Wewe ndiye unayejua kutunza." Ufunguo wa sanduku la hela nikaufunga kwenye pindo la kanga, na hapo ndipo ulipokaa.

Maziwa yakaanza kutoka kwenye chai. Tukazoea. Nyama ikawa ya Krismasi na Pasaka. Mafuta ya taa yakawa shida, nikawa napunguza utambi mpaka mwanga unabaki kama wa kimulimuli. Akisema, "Sista, mchuzi siuoni," namjibu, "Mdomo unaujua." Tunacheka. Mwanzoni tulikuwa tunacheka. Akiomba kitu kidogo, gazeti, au kipande cha samaki pale sokoni, nina methali tayari: chovya chovya humaliza buyu la asali. Nyingine: akiba haiozi. Nilikuwa mwalimu wa methali, mimi.

Na nilikuwa na mpango. Nilitaka kujenga vyumba vya kupangisha pale barabarani, ili tukizeeka kodi itulishe. Si mpango mbaya, na hata leo sisemi ni mbaya. Nikanunua mabati, nikayaegemeza ukutani chumbani kwetu. Nikanunua na saruji kabla ya msingi kuchimbwa, kwa kuogopa bei. Halafu nikasimama. Mafundi walitaka malipo, na kwangu kutoa hela kulikuwa kumeshakuwa kama kung'olewa jino. Kila Dereva alipouliza habari ya Manyoni nilimwambia, "Mwakani tutakwenda. Msingi kwanza."

Kisha wenzetu wa Burundi wakaanza kuingia, makundi kwa makundi. Mnaikumbuka hali. Kambi za wakimbizi zikafunguliwa, na mashirika yakaja na magari yao yakitafuta madereva wanaozijua njia zetu. Nani anazijua kuliko Dereva? Walimfuata mpaka nyumbani. Nilifurahi mno, nikampigia pasi shati mwenyewe. Akaondoka asubuhi, na jua halijafika utosini akawa amerudi.

"Vipi?"

"Nimekataa."

"Umekataa kazi?"

"Nimechoka na usukani, Sista."

Nilimsema siku ile mpaka majirani wakasikia. Nikamwita mvivu. Nikamwambia wenzake wanarudi na mishahara minono, yeye anarudi na shati safi. Alikaa barazani amekunja mikono kifuani, na hata chakula cha mchana hakula.

Akaanza kumwaga vitu. Anajitilia sukari, nusu inaingia kikombeni, nusu mezani. Mimi nikasema anafanya makusudi, ananikomoa kwa sababu ya ubahili wangu. Nikawa namtilia mimi, kijiko kimoja, kama mtoto. Anajikwaa kizingitini, nasema inua miguu. Anapishana na watu njiani bila kuwaamkia, wakaja kunishitakia kwamba mzee anaringa tangu astaafu. Nikamsema na hilo.

Halafu mama yake akafa kule Manyoni. Simu ya maandishi ilifika posta ikakaa, mpaka mtu wa kanisani kwetu akatuletea, na wakati huo walikuwa wameshazika. Dereva alisimama katikati ya ua ameishika karatasi ile, mimi nikamsomea. Sikujiuliza kwa nini nimsomee mimi mtu anayejua kusoma.

Akasema, "Sista, nataka niende."

Nikamwambia, "Wameshazika. Tumalize hela kwa nauli ya kwenda kutazama udongo? Kaburi halikimbii. Mwakani."

Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa hiki hiki. Kaburi halikimbii. Alikaa chini pale pale uani, kwenye vumbi, na mimi nikaingia ndani kuchambua maharage.

Nataka kuwasimulia sasa namna nilivyojua. Nina jirani, mwenzetu wa asili ya Burundi, anauza mawese na dagaa sokoni. Siku moja nilimtuma Dereva dukani. Alikawia. Nikatoka nje na hasira yangu, nikamwona yule jirani anakuja amemshika mkono, anamwongoza kama mgonjwa.

"Mama," akaniita, "huyu mzee haoni."

"Haoni nini?"

"Mama yangu wee! Haoni! Alikuwa anaingia mtaroni. Si mara ya kwanza, watu wa sokoni wote wanajua. Wewe unakaa naye ndani, hujui?"

Nilimkalisha kwenye kiti nje, juani. Nikasimama mbele yake nikainua vidole, kama nilivyofanya kwa wagonjwa miaka yangu yote. Akatabasamu. "Leo umenifungulia kliniki, Sista?" Nikamwambia nyamaza, niambie vingapi. Hakusema vingapi. Aliinua uso akautafuta uso wangu, akatazama pembeni kidogo ya mahali ulipokuwa. Akasema, "Jicho la kulia lilizima zamani. La kushoto naona kama kupitia tundu la ufunguo. Tundu lenyewe linaziba."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, tungekwenda hospitali. Tungekwenda hospitali, ungefungua sanduku. Nilikuwa nakuona unavyokuwa ukifungua sanduku."

Ndipo akanieleza habari ya ile kazi. Walimpa gari alizungushe uwanjani, akagonga nguzo ya geti ambayo hakuiona kabisa. Mtu aliyeendesha kutoka Kibondo mpaka hapa kwa miaka na miaka, mvua na vumbi, bila kumkwaruza hata kuku, aligonga nguzo mbele ya vijana. Akawarudishia funguo, akaja nyumbani kutukanwa na mimi.

Ndugu zangu, mimi ni muuguzi. Nimeangalia macho ya watu wengi sana. Ya mume wangu sikuyaangalia, kwa sababu nilikuwa naangalia kijiko chake cha sukari.

Tukaenda hospitali. Daktari alimpima kwa upole, akamtia dawa, akampima tena. Akasema ni presha ya macho, na kilichopotea hakirudi, tujitahidi kulinda kilichobaki. Kisha akauliza, "Mzee, mbona mmechelewa hivi?" Mimi nikainamisha kichwa. Dereva akajibu, "Barabara ilikuwa mbaya, daktari."

Hospitali haikuwa mbali na kwetu, na daktari alijua. Aliniangalia, mimi na sare yangu ya zamani niliyovaa makusudi ili wanihudumie upesi, akaandika dawa, akanyamaza. Sijawahi kuona aibu kama ile. Na mume wangu alikuwa ananifunika, mimi niliyeacha macho yake yazime.

Mtasema hapo ndipo nilipobadilika. Hapana. Hapo ndipo nilipozidi. Maana hofu ilipata chakula. Nikajiambia, sasa nina kipofu, nani atatulisha? Nikazidi kubana. Dawa ya matone nilinunua, hilo nilifanya, lakini nilikuwa nadondosha kwa mkono mzito, na yeye akihisi. Nikaamua sasa nyumba ya wapangaji ijengwe upesi. Nikaita fundi. Fundi akaingia stoo, akagonga mfuko wa kwanza wa saruji kwa kifundo cha kidole, akagonga wa pili. Akatoka.

"Mama, hii si saruji tena. Haya ni mawe. Masika yameingia humo."

Yote. Mifuko yote imeganda. Dereva alikuwa barazani, akasikia. Akacheka. Alikuwa hajacheka muda mrefu, na kile kicheko kilinitisha kuliko kama angelia. Akasema, "Akiba haiozi, Sista. Inakuwa jiwe."

Baada ya siku ile hakunisemesha tena. Si kwamba alinuna. Ukimpa chakula, asante. Ukimwamsha, anaamka. Ila yeye mwenyewe hakuanzisha neno. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nilikuwa nasikia panya wakitembea kwenye mabati. Nikawa nawasha redio, halafu nakumbuka betri, nazima.

Sasa nafika mahali penyewe. Naomba mnivumilie.

Ilikuwa asubuhi, siku ya soko. Nilitoka kwenda shambani nikamwacha barazani. Jua halijapanda sana nikasikia naitwa. Ni yule jirani wa mawese, ameacha biashara yake sokoni, amekuja mbio mpaka kwenye muhogo wangu.

"Mama, njoo stendi. Mzee yuko stendi."

"Amefikaje stendi?"

"Kwa fimbo na kwa kuuliza watu. Njoo!"

Nilikimbia na tope miguuni. Nikamkuta Dereva kando ya basi la Kigoma. Amevaa ile kaki yake ya kazi, ambayo sikujua kama ameihifadhi, vifungo vimekosewa. Ana fimbo, na mfuko wa plastiki wenye shati moja. Watu wamesimama wanatazama, wengine wanacheka. Yeye anamwambia kondakta, kijana ambaye labda mama yake nilimzalisha mimi, "Mwanangu, mimi ni dereva. Njia hii nimeiendesha hujazaliwa. Nibebe bure mpaka Kigoma. Nikifika stesheni nitaongea na watu wa treni, wataelewa. Nakwenda kwa mama yangu."

Kondakta anamjibu kwa heshima, nasema ukweli, "Mzee, ningekubeba, lakini tajiri mwenye basi yumo ndani."

Mama mmoja, msafiri, akatoa sarafu akaiweka kwenye kiganja cha Dereva, akapita. Alidhani ni ombaomba. Dereva hakuirudisha. Aliipapasa kwa kidole gumba, akaijua, akaikunjia kiganja. Mume wangu, mtu mwenye pensheni yake na mke mwenye pensheni yake, alifumba mkono juu ya sadaka.

Nikamshika mkono. "Twende nyumbani."

Akaijua sauti. Hakustuka. Akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza saa, "Sista, mimi nina pensheni?"

"Unayo."

"Inatosha nauli ya kwenda Manyoni?"

"Inatosha."

"Basi kwa nini naomba?"

Sikuwa na methali. Nilizitafuta zote, hakuna iliyokuja. Basi linanguruma, na mimi nilikaa chini kwenye vumbi la stendi, mtu mzima, nikashika miguu yake iliyochubuka njiani. Nikalia mbele ya wauza karanga. Yule jirani akaturushia kanga yake mabegani, akawafukuza watu: "Nendeni! Hamna kazi?" Kisha akaniinamia akaniambia, "Mama, mimi kwetu niliacha ghala limejaa mtama, na mbuzi, na mume amelala mlangoni amekufa. Ghala sijalililia hata siku moja. Wako angali anapumua. Inuka."

Niliinuka. Sitawadanganya kwamba moyo uliinuka pamoja nami. Mwili tu.

Wiki ile ile niliyauza mabati. Mnunuzi alikuwa anajenga duka, akayabeba, na chumba chetu kikawa na ukuta tena. Nikafungua pindo la kanga. Tukapanda basi mpaka Kigoma. Dereva alikaa dirishani, akatoa uso nje upepo umpige. Stesheni nilikata tiketi za daraja la tatu, mkono wenyewe ulikwenda huko kwa mazoea. Nikageuka nikamwona amekaa kwenye benchi, amenyooka, kaki imefungwa vizuri safari hii, anasubiri kama mtu anayengoja kuapishwa. Nikarudi dirishani kwa karani nikamwambia, "Nimekosea. Nipe daraja la kwanza, vitanda viwili." Karani akanikagua kandambili zangu. Akanipa.

Njiani aliniuliza kuna nini nje, na mimi nikamwambia. Miti, nikasema. "Miti gani?" Nikalazimika kutazama, maana miti nilikuwa nimeitaja tu. Nikamweleza majani, nikamweleza watoto wanaopunga mikono. Treni ilipoingia darajani sauti ikabadilika, akaniambia mwenyewe, "Malagarasi hiyo." Tabora nilinunua asali na kuku wa kukaanga, tukala kwa mikono, akajipaka mafuta mpaka kwenye masikio. Nilimtazama anavyotafuna, nikafikiri: hiki ndicho nilichokuwa namnyima. Si kitu kikubwa. Ni hiki.

Lakini Manyoni hakukuwa na furaha, na sitawapambia. Dada yake mkubwa alitupokea. Alimkumbatia ndugu yake, akayaona macho yake, akapiga yowe. Mimi hakunipa mkono. Alitupeleka makaburini. Kaburi la mama halikuwa na msalaba, ule wa mti ulikuwa umeliwa na mchwa. Dereva alipiga magoti akalipapasa lote, kutoka kichwani mpaka miguuni, kama anayempima mtu aliyelala. Alikuwa anaongea Kigogo, lugha ambayo sikumsikia akiisema tangu harusi yetu. Sikuelewa neno isipokuwa moja, mama.

Dada yake akaniambia nilipokuwa nimesimama pembeni, "Alikuwa anauliza kila treni inapopita. Anawaambia watu, mwanangu ni dereva wa serikali, amekawia kwa sababu ya wagonjwa." Akanigeukia. "Wifi, ulikuwa unamwekea nani akiba?"

Swali hilo nimerudi nalo mpaka hapa Kasulu.

Ndugu zangu, tulikaa kule mpaka dada yule akaanza kunisalimia asubuhi. Tulimjengea mama kaburi kwa saruji mpya, nikailipia mimi siku ile ile iliyonunuliwa, ikachanganywa siku ile ile. Tukarudi. Jicho la kushoto la Dereva likazima kabisa miezi iliyofuata. Kwa hiyo treni ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho ambayo aliona japo mwanga dirishani.

Nilimwomba msamaha. Nilimwomba mbele ya mabinti zetu, nilitaka wasikie. Akasema, "Hela nimekusamehe. Macho nimekusamehe, hata mimi nilificha. Mama bado, Sista. Naendelea kujitahidi." Ni jibu la kweli, nalipokea. Kila siku nalipokea. Yupo pale anatikisa kichwa kwamba ndivyo alivyosema.

Nina watu wa kuwashukuru. Jirani yangu wa mawese, aliyeacha biashara yake ikipigwa na jua akaja kuniita, na hajawahi kunikumbusha. Daktari yule, aliyeandika dawa akanyamaza. Wifi yangu wa Manyoni, aliyeniambia usoni, kisha akanipikia. Mabinti zangu, waliokasirika lakini hawakutuacha. Na chama hiki. Nilikuja kwenu na kile kilichobaki, mkanifundisha kukiweka mahali ambapo watu wengine wanakiona, kwa sababu hela ninayoiona mimi peke yangu hunitia wazimu.

Na somo. Siwaambii mwende mkazile hela zenu. Uzee ni mrefu, na ugonjwa haubishi hodi. Wekeni. Mimi mpaka leo naweka, na mhasibu wetu ni shahidi. Lakini sisi nyumbani pensheni ikifika tunakaa wawili mezani. Tunatoa ya chakula na ya dawa. Tunatoa ya kuleta hapa. Kisha kuna fungu linaloingia mfukoni mwa Dereva, na jingine mfukoni mwangu, na hakuna anayemuuliza mwenzake limekwenda wapi. Mwezi uliopita la kwake lilikwenda kwenye kaseti za kwaya na samaki. La kwangu nilinunua viatu vyekundu. Ndiyo, hivi. Tazameni. Na wewe uliyeniuliza njiani, kabla hujaamua uzile au uzifiche, nenda kamtazame vizuri yule unayekaa naye. Mtazame mchana, usoni, karibu. Muulize anataka nini, halafu usimjibu kwa methali.

Mwenyekiti, namaliza. Mchango wangu wa wiki ijayo naomba niulete mapema, kwa sababu Jumatatu mimi na mzee hatutakuwepo. Tunakwenda Kigoma kula samaki wa ziwani, mgebuka wa moto, pale ufukweni. Hatuna mgonjwa huko, wala msiba, wala hatuna la kufuata ofisini. Dereva anataka mgebuka.

Chai sasa. Asanteni.